Tegu wa mbwa si chanjo ya nguruwe: tuelewane kabla hatujaacha mbwa bila dawa

KisuChaMkaguzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita mjumbe mmoja aliandika kwenye uzi wa ufugaji kwamba nguruwe akishapata tegu wa mbwa, yule tegu hatari wa binadamu hamwingii tena. Akashauri wenzake waache kuwapa mbwa dawa ya minyoo kwa sababu wanaua "chanjo ya bure". Watu wengi wakamshukuru. Mimi limeninyima usingizi. Nimekagua nyama miaka 19 huku Mbozi, mkoani Songwe, nimewaona nguruwe hao kwa macho yangu, nikaona nisikae kimya.

Nianze kwa kumtendea haki. Hakutunga. Jambo hilo lipo, linaitwa kinga mtambuka: mwili uliopambana na mnyoo mmoja unapata uwezo fulani wa kumzuia ndugu yake. Kosa liko kwenye hatua aliyoruka, kutoka "uwezo fulani" mpaka "hamwingii tena".

Kwa wasiofahamu, tegu wa ukoo huu wanaishi nyumba mbili. Tegu mkubwa, yule mrefu kama utepe, anakaa kwenye utumbo wa mla nyama. Watoto wake wanakaa kama vifuko vya maji ndani ya mnyama anayeliwa. Taenia solium, tunayemwita tegu wa nguruwe, mkubwa wake anakaa kwa binadamu na vifuko vinakaa kwenye misuli ya nguruwe. Ubaya wake ni kwamba binadamu naye akimeza mayai, vifuko vinaota mwilini mwake, hata kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa kinapoanzia. Taenia hydatigena mkubwa wake anakaa kwa mbwa, vifuko kwa mbuzi na kondoo, na nguruwe pia humo humo. Yai la huyu na yai la yule ukiyaweka chini ya hadubini huwezi kuyatofautisha.

Ndani ya yai kuna kiinitete chenye kulabu sita. Nguruwe akimeza yai, ganda linayeyuka tumboni, kiinitete kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kwenda kutafuta pa kukaa. Siku hizo za mwanzo ndipo kilipo dhaifu. Kingamwili, yaani askari wa damu wanaopambana na wavamizi, zikikitambua, kinauawa hapo hapo. Na kwa kuwa viinitete vya ndugu hawa vinafanana kwa sehemu, kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya mmoja zinaweza kumshika na mwingine. Hiyo ndiyo kinga mtambuka yenyewe.

Aliyelifanyia kazi sana jambo hili ni Michael Gemmell kule New Zealand, kuanzia miaka ya 1960. Kondoo wa kule walikuwa na tegu wa aina tatu waliotoka kwa mbwa: hydatigena, ovis na yule mdogo wa Echinococcus anayeleta vifuko vikubwa vya maji kwenye ini na mapafu ya watu. Aliwachoma kondoo sindano za viinitete vya aina moja, kisha akawapa mayai ya aina nyingine. Kinga ilionekana. Lakini kinga ya kondoo dhidi ya mnyoo uleule aliochomwa ilikuwa kubwa kuliko dhidi ya ndugu yake. Mtambuka ilisaidia, haikufunga mlango.

Sasa niwaambie nilichokiona mwenyewe. Kuna asubuhi moja waliletwa nguruwe wanne kutoka kijiji kimoja, wote wa kuzurura. Wa tatu tulipompasua tumbo, kwenye ule utandu wa mafuta unaofunika utumbo kulikuwa na kifuko kinaning'inia, ukubwa wa yai la kuku, maji yake meupe safi, na ndani doa jeupe moja. Ukikiminya taratibu, lile doa linatokeza kichwa chenye shingo ndefu nyembamba. Huyo ni wa mbwa, hana mjadala. Kijana wangu wa kisu akasema, "Mzee, huyu salama, ni ya mbwa tu." Nikamwambia apasue moyo. Moyo ulikuwa na vipunje kama mchele uliolowekwa, nikahesabu 14 kwenye mkato mmoja. Ulimi navyo, paja navyo. Nguruwe mmoja, tegu wawili.

Yule mwenye "chanjo ya bure" angemuuza huyo.

---

BandaLaChini

Mkuu shikamoo, na ahsante kwa uzi. Mimi ni mmoja wa waliomshukuru yule mjumbe, nakiri.

Ila nina dukuduku. Mwaka juzi walikuja watafiti kijijini kwetu wakachukua damu ya nguruwe. Wangu wawili wakaambiwa wana maambukizi. Habari ikaenea, mnunuzi niliyekuwa naye akakataa kuwachukua. Nikaamua niwachinje wa nyumbani niwaone mwenyewe. Nyama safi! Ulimi safi, moyo safi. Nilichokuta ni vifuko viwili vikubwa kwenye mafuta ya tumbo la mmoja na kimoja kwenye ini la mwingine. Sasa nikajiuliza, hii si ndiyo kinga anayoisema? Damu ina ugonjwa lakini nyama haina.

---

MpimaDamu

Kaka BandaLaChini, hilo naomba nilijibu mimi kwa sababu ni kazi ninayoifanya kila siku maabara.

Kipimo kinachotumika sana kwa nguruwe kinatafuta antijeni, yaani vitu ambavyo kifuko kilicho hai kinavimwaga kwenye damu. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinatambua ukoo mzima wa Taenia, hakimtambui solium peke yake. Kifuko cha tegu wa mbwa kikiwa hai tumboni mwa nguruwe, kipimo kinasoma "ndiyo". Kwa hiyo damu ya nguruwe wako haikuwa ikisema "huyu alipata solium akapona". Ilikuwa inasema "kuna tegu wa ukoo huu humu ndani", na wewe ukamkuta. Kipimo na kisu vilikubaliana, ila majibu uliyopewa hayakufafanuliwa. Pole sana kwa hasara, aliyekuja kuchukua damu alipaswa kukueleza hivyo kabla jirani hawajasikia.

Ni ile ile sababu inayoleta kinga mtambuka, wakuu. Ndugu wanafanana, kingamwili zinawachanganya, na vipimo vyetu vinawachanganya pia kwa sababu vimetengenezwa kwa kingamwili hizo hizo.

---

BandaLaChini

Aisee. Miaka miwili nimekaa nikiamini nguruwe wangu wana kinga ya ajabu.

---

MsomiWaUsiku

Mkaguzi, heshima yako mzee wangu. Nasoma mambo ya mifugo mwaka wa nne, naomba nikubane kidogo kwa nia njema.

Yule nguruwe wako mwenye tegu wawili hathibitishi kwamba kinga mtambuka imeshindwa. Huenda solium ndiye aliyetangulia akiwa bado mdogo, vifuko vikakaa kwenye misuli, halafu wa mbwa akaja baadaye. Ili kusema kinga imeshindwa ingebidi tujue wa mbwa ndiye aliyeanza.

Pili, mzee hujaitaja Laos. Kaskazini mwa Laos walikagua nguruwe wa vijijini wakakuta hydatigena amejaa na solium ni wachache sana, ingawa mazingira yote ya solium yapo: watu wanakula nyama mbichi, vyoo hakuna, nguruwe wanazurura. Watafiti wa kule, akina Conlan, wakaandika kwamba huenda ushindani wa tegu hao ndani ya nguruwe ndio unaombana solium. Hilo si la kupuuzwa.

---

KisuChaMkaguzi

Kijana wangu, umenibana sawasawa na nimefurahi. Kwa kutazama kifuko huwezi kusema nani alitangulia. Kifuko cha solium kinakomaa kwa miezi miwili hivi, baada ya hapo kinabaki na ukubwa ule ule karibu, kwa hiyo umri hausomeki.

Lakini tufuate hoja yako mpaka mwisho. Tuseme solium alitangulia. Basi tegu wa mbwa alipokuja, kinga yote iliyoamshwa haikumtoa mpangaji aliyekwishaingia. Kinga hii inamkamata mgeni mlangoni. Akishapanga chumba, akajijengea ukuta wake, haimfikii tena. Ndiyo maana nguruwe mmoja anaweza kuwa na vifuko hai vya zamani huku akiua viinitete vipya kila siku. Kwa mlaji wa kitimoto, nguruwe huyo ni hatari vilevile.

Na tuseme wa mbwa alitangulia. Basi vipunje 14 kwenye mkato mmoja wa moyo viliipenya kinga mtambuka.

Ukichukua upande wowote, ushauri wa yule mjumbe haufai.

Kuhusu Laos nakubali ni jambo zito, na mimi naamini kinga inahusika pale. Lakini angalia masharti yake. Ili tegu wa mbwa amzuie solium inabidi awe mwingi kwa nguruwe wenyewe, na awahi. Nguruwe mdogo anazaliwa na ulinzi wa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, unapungua kadiri wiki zinavyokwenda, na baada ya hapo mwenye kuwahi ndiye anayefundisha mwili. Laos hydatigena anawahi nguruwe. Huku kwetu hali ni tofauti kabisa. Machinjioni nikipasua mbuzi na kondoo, karibu nusu wana vile vifuko vya shingo ndefu, na uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania ulikuta hivyo hivyo. Kwa nguruwe ni wachache. Mbwa wetu wanashinda na mbuzi, wanakula matumbo ya mbuzi, mayai yanabaki kwenye malisho ya mbuzi. Nguruwe wetu anashinda nyuma ya nyumba, kwenye majani ambako watu wanajisaidia. Anayewahi kwake ni solium. Huwezi kuchukua yaliyoonekana Laos ukayapandikiza Songwe.

---

MsomiWaUsiku

Hoja ya nani anamuwahi nguruwe sikuwa nimeiwaza. Ahsante mzee.

Niongeze kimoja kinachounga mkono upande wako. Chanjo ya nguruwe iliyopo sasa, TSOL18, imetengenezwa kwa protini moja ya kiinitete cha solium mwenyewe. Waliotengeneza ni kundi la Marshall Lightowlers wa Melbourne, walewale walioanza na chanjo ya tegu wa kondoo, Taenia ovis, mwaka 1989, wakafuata na EG95 ya Echinococcus mwaka 1996. Hawa wanaijua kinga mtambuka kuliko sisi sote hapa. Kama ingetosha, wangetumia kitu kimoja kwa wote. Badala yake kila tegu walimtafutia protini yake, na kwa tegu wa ng'ombe ilibidi waunganishe mbili. Ukichoma kiinitete kizima, mwili unajifunza mambo mengi, mengine ya ukoo mzima. Ukichoma protini moja, unapata kinga kali kwa mlengwa mmoja.

---

BintiMwalimu

Samahanini wakubwa, mimi si mfugaji. Nimeletwa hapa na neno kifafa.

Kaka yangu alianza kuanguka akiwa na miaka 27. Nyumbani walisema karogwa. Tulizunguka kwa waganga miaka mitatu, hata nguruwe wa nyumbani waliuzwa kulipia. Hospitali ya rufaa walipompiga picha ya kichwa ndipo wakaona vifuko. Sasa anatumia dawa, anguko limepungua sana, amerudi shambani. Swali langu, yeye baada ya kuugua hivyo ana kinga? Na sisi tunaokaa naye tuko salama?

---

KisuChaMkaguzi

Binti yangu, pole sana, na hongereni kwa kumfikisha hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu huyu, wagonjwa 30 kati ya 100 wa kifafa wameupata kwa vifuko hivi. Si uchawi.

Kaka yako hawaambukizi kwa vifuko vilivyo kichwani, havitoki. Anayeambukiza ni mwenye tegu mkubwa tumboni, anayetoa mayai kwenye kinyesi. Mara nyingi mtu huyo yumo nyumba ileile au ya jirani, anajiona mzima kabisa. Kwa hiyo nendeni kituo cha afya familia nzima, mwombe mpimwe choo. Lakini msimeze dawa ya tegu kiholela nyumbani, na hasa kaka yako asimeze bila daktari wake kujua. Dawa hiyo ikiua vifuko vya kichwani kwa mkupuo, ubongo unaweza kuvimba.

Kinga anaweza kuwa nayo ya kuzuia vipya, kama nguruwe. Msiitegemee. Tegemeeni kunawa mikono, choo na maji safi.

---

LodwarNyumbani

Salamu kutoka Turkana. Huku nguruwe hatuna lakini hii mambo ya kuacha mbwa bila dawa imenigusa roho.

Mbwa anayekula matumbo ya mbuzi na kondoo hapati tegu mmoja tu. Anapata huyo hydatigena mnamsema, na anapata pia ule mdogo wa Echinococcus. Turkana imejulikana miaka mingi kwa ugonjwa wa vifuko vya maji kwa watu, Amref walikuja na mradi wa upasuaji na kutibu mbwa miaka ya 80. Shangazi yangu alipasuliwa. Tumbo lake lilikuwa kama la mja mzito, na alikuwa amepita umri wa kuzaa. Daktari alitoa maji ndoo nzima.

Kwa hivyo mtu akisema mbwa asipewe dawa ili nguruwe apate kinga, ajue mayai ya Echinococcus yako kwa manyoya ya huyo mbwa, na watoto wanamshika siku yote. Na huyo mbwa haonyeshi dalili. Anaruka, anakula, ako sawa tu.

---

KisuChaMkaguzi

Ndugu yangu wa Lodwar, umesema lile nililotaka kulimalizia, na umelisema kutoka nyumbani. Kifuko cha Echinococcus kwa mtu kinakua polepole miaka na miaka, mtu hajui. Mbwa apewe prazikwanteli. Ukitaka kukata mzunguko wa Echinococcus kabisa, ni kila wiki 6, kwa sababu mnyoo huyo anahitaji karibu muda huo kukomaa na kuanza kutoa mayai. Na matumbo mabichi asipewe. Pale machinjioni nilichimbisha shimo la kutupia viungo vibovu, likafunikwa. Mbwa walikuja wiki mbili wakizunguka, baadaye wakaacha.

---

BandaLaChini

Mkuu, sasa mimi nifanye nini? Nina nguruwe 11, wanne wadogo wa miezi miwili. Banda ninalo ila mchana nilikuwa nawafungulia.

---

KisuChaMkaguzi

Kwanza funga banda, leo. Nguruwe asiyezurura hali kinyesi cha mtu. Hilo peke yake ni zaidi ya kinga mtambuka yote tuliyoijadili hapa. Na choo cha nyumbani kiwe na mlango, kwa sababu nguruwe akiingia chooni banda halina maana.

Pili, dawa ya minyoo iitwayo oksifendazoli. Dozi ya kuua vifuko kwenye misuli ni miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, kubwa kuliko ile ya minyoo ya kawaida, kwa hiyo mwite mtaalamu akupimie uzito usikadirie kwa macho. Usichinje kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha, na vifuko vilivyokufa vinachukua wiki kadhaa kufifia. Dawa hii ina faida ambayo watu hawaijui. Peru waliwatibu nguruwe wenye vifuko kisha wakawaacha tena penye maambukizi, na kwa miezi mitatu waliyofuatiliwa hawakupata vipya. Mwili wao ulikuwa umeshafundishwa, tena na solium mwenyewe, siyo na ndugu yake.

Tatu, wale wadogo wanne. Ukiweza kuipata TSOL18 kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya, ndio umri wake. Ni sindano mbili, ya kwanza inafundisha, ya pili inakoleza. Inakwenda pamoja na oksifendazoli kwa sababu ile ile niliyomwambia msomi: chanjo inamzuia anayekuja, dawa inamuua aliyekwishaingia. Imejaribiwa Kamerun, Peru, Nepal, Uganda na hapa kwetu.

---

BandaLaChini

Nimekuelewa. Na ulimi? Wanunuzi wa huku wanapapasa ulimi tu ndiyo kipimo chao.

---

KisuChaMkaguzi

Ulimi ukikuta vipunje, amini. Ukikosa, usiamini. Nguruwe anafungwa, mdomo unazuiwa na kijiti, unavuta ulimi kwa kitambaa kikavu kwa sababu unateleza, unapitisha vidole chini yake taratibu kutoka shina mpaka ncha. Punje inasikika kama harage dogo linalotoroka kidole. Lakini mwenye vifuko vichache anapita bila kugundulika, nimewapasua wengi ambao ulimi ulikuwa safi.

---

MpimaDamu

Ombi kwa BandaLaChini na wengine. Mkichinja mkakuta kifuko chochote, kikubwa au punje, tuleteeni kupitia kwa afisa mifugo wenu. Kiwekeni kwenye chupa safi yenye spiriti, siyo formalini, formalini inaharibu vinasaba na tutashindwa kusema ni tegu yupi. Andikeni kwenye karatasi kwa penseli kilitoka kiungo gani, na karatasi iingie ndani ya chupa. Wino unayeyuka kwenye spiriti.

---

BandaLaChini

Banda limefungwa tangu jana jioni. Wanapiga kelele sana, mke wangu ananilaumu, ila nimewakatia majani ya viazi wametulia. Jumamosi namchinja mmoja wa wakubwa. Spiriti ninayo tayari.